Mmea Uliopogolewa Nyuma ya Bafu

Habari ninayokuletea mwezi huu sikuitafuta mbali. Ilitokea nyumbani kwa kaka yangu, Mshangano, katika Manispaa ya Songea, na nimeisikia kwa mwenyewe iliyomkuta, yaani wifi yangu, tukiwa tumekaa jikoni tunachambua maharage. Ameniruhusu kuieleza kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala la mwanawe. "Waeleze tu wenzetu," aliniambia. "Mimi nilidhani mambo haya ni ya vijiweni huko Dar es Salaam, kumbe yako nyuma ya bafu langu."

Wanaoijua Mshangano wanajua jinsi viwanja vyake vinavyokuwa wakati wa mvua. Zikishashika, kuanzia Desemba, hakuna kipande cha ardhi kinachoachwa kitupu. Mahindi hufika mpaka dirishani, chini yake maboga na maharage, na kando ya njia ya kwenda bafuni mama wa nyumba hupanda mboga za haraka haraka. Nyumba ya jirani huioni vizuri mpaka mahindi yamekauka.

Basi, asubuhi moja ya mwezi Februari, wifi yangu alikwenda nyuma ya bafu kuchuma majani ya maboga. Upande ule alikuwa hajaukanyaga kwa wiki kadhaa, kwa sababu kijana wake wa kwanza, mwenye miaka 17 na aliyekuwa kidato cha tatu, alijitolea mwenyewe kuupalilia. Katikati ya mahindi alikuta mashina matano ya mmea wenye majani kama vidole vya mkono. Kwanza alidhani ni mgagani uliopitiliza, akainama achume. Harufu ikamzuia.

Hata hivyo, anasema si harufu iliyomkata maini. Baba yake ni mkulima wa kahawa huko Mbinga, naye amekulia kwenye mibuni. Alipotazama vizuri aliona kila shina limekatwa kichwa kwa wembe, kata safi ya kulalia upande, na matawi yamesambaa pembeni. Majani ya chini yalikuwa yameondolewa. Mahindi yalikuwa yamempita kichwa, lakini mashina yale hayakufika hata kiunoni mwake.

"Wifi, mmea uliojiotea hauna mtu wa kuupogoa," aliniambia. "Ule ulikuwa na mwenyewe. Na mwenyewe alikuwa na mkono wa baba yangu."

Ni kweli. Yule kijana alikuwa akienda Mbinga kwa babu yake kila likizo ndefu, na babu alimfundisha kupogoa kahawa: kuondoa machipukizi yanayokula nguvu bure, kuacha matawi yatakayozaa, kutazama mti kabla ya kutia mkasi. Ujuzi ule ule mzuri ndio alioupeleka nyuma ya bafu.

Na kuna jambo jingine lililomwumiza wifi yangu kuliko yote. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amemsifu mtoto huyo mbele ya akina mama wenzake wa jumuiya. Aliwaambia kwamba wengine wanalalamika vijana hawashiki jembe, lakini wa kwake anaamka mapema, anapalilia, na hata siku mvua ikikosa anabeba ndoo ya maji bila kuambiwa. Wenzake walimpongeza. Mmoja alimwomba amtume kijana akamfundishe na wake.

MAJANI YANAYOFANANA

Kabla sijaendelea, niseme kidogo juu ya mmea wenyewe, kwa sababu wapo akina mama wengi ambao hawajapata kuuona. Wapo pia wanaogombana na jirani kwa kudhani wameuona, kumbe ni kitu kingine.

Bangi ina jani lililogawanyika kama vidole vitano, saba au tisa vinavyotoka mahali pamoja, na ukingo wa kila kidole una meno meno kama msumeno. Meno hayo ndiyo ya kutazama. Jani la muhogo nalo lina vidole, lakini ukingo wake ni laini; kila mwenye kutwanga kisamvu anaujua. Mgagani una vijani vitano na huweza kumdanganya mtu ukiwa mchanga, lakini hauna meno makubwa ya namna hiyo, na maua yake meupe au ya pinki yenye nyuzi ndefu yakitokea hutakuwa na shaka tena. Bangi ina mashina ya kiume na ya kike mbali mbali, na la kike likikomaa huwa na vishada vinavyonata vyenye harufu kali, ambayo hubaki vidoleni hata ukinawa.

Kwa watu wa Songea nitaje pia marejea, kwa kuwa wageni wengine hulikuta shambani wakaulizana. Mmea huu ni wetu kabisa. Padre Gerold Rupper, Mbenediktini wa Peramiho, ndiye aliyeuhubiri kwa wakulima kwa miaka mingi kuwa mbolea ya kijani ya kurudisha rutuba. Marejea huwa na vijani vitatu vyembamba na maua ya manjano, na maganda yake yakikauka hulia kama kayamba. Ukiona hayo, acha kabisa kumsema jirani yako.

"AFRIKA KUSINI WANARUHUSU"

Wifi yangu hakung'oa kitu asubuhi ile. Alirudi jikoni, akapika uji, akamwona mtoto akinywa na kuondoka kwenda shule, na hakusema neno. Kaka yangu alikuwa safarini. Yeye ni dereva wa lori na wakati wa mvua hukaa barabarani siku nyingi. Nilimwuliza wifi kwa nini hakumpigia simu mara moja. Alicheka kidogo akasema, "Ningempigia akiwa kwenye milima ya Lukumburu, halafu?"

Jioni alimwita kijana nyuma ya bafu, akasimama naye mbele ya yale mashina, akamwuliza, "Hii ni nini?"

Kijana hakukana, na hapo nampa heshima yake. Alisema alipewa mbegu na rafiki, kwamba alikusudia kuwauzia waendesha bodaboda ili apate simu, na kwamba yeye mwenyewe havuti. Siku ya tatu alikiri kwamba amevuta, "mara chache". Kisha akaanza kujitetea, na utetezi wake, akina mama, haukuwa wa kitoto. Alisema Afrika Kusini watu wanaruhusiwa kupanda nyumbani. Alisema Malawi, ng'ambo ya ziwa tu, serikali imeruhusu. Alisema Umoja wa Mataifa wenyewe umekiri kwamba ni dawa.

Wifi yangu aliishia darasa la saba. Hakuwa na jibu, akaniletea mimi maswali hayo kwa simu usiku ule, na ndipo nilipoingia katika habari hii. Nimeyachunguza, na ni vizuri kila mama ayajue, kwa sababu watoto wetu wanayasoma kwenye simu na sisi tukibaki kusema "ni mbaya, basi" tutaonekana hatujui kitu.

Ni kweli kwamba mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima akivuta au kupanda kwa matumizi yake binafsi, mahali pake pa faragha, si kosa la jinai, na mwaka 2024 nchi hiyo ikatunga sheria juu ya jambo hilo. Lakini uamuzi ule ulisema mtu mzima. Kuuza hakukuruhusiwa, na mtoto wa miaka 17 hakuruhusiwa. Kijana wetu angekuwa na makosa hata angekuwa Johannesburg. Ni kweli pia kwamba Malawi ilipitisha sheria mwaka 2020, lakini ni kwa kilimo cha tiba na viwanda chenye leseni. Na ni kweli kwamba Desemba 2020 kamisheni ya Umoja wa Mataifa inayohusika na dawa za kulevya iliiondoa bangi katika orodha ya dawa zenye masharti makali kuliko zote, ili kurahisisha utafiti wa tiba. Ilibaki katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa duniani. Hata ile dawa ya kifafa kikali cha watoto iliyokubaliwa Marekani mwaka 2018 hutengenezwa kiwandani kutokana na kiini kimoja cha mmea huo, tena si kile kinacholevya, na daktari huipima kwa mililita. Haifanani na msokoto.

Nilimpa wifi majibu hayo. Kijana aliyasikiliza, akanyamaza. Nadhani alinyamaza kwa sababu alijibiwa badala ya kupigwa.

NENO "KURUHUSU"

Sasa tuje kwetu, maana mtoto anaishi Tanzania na si Afrika Kusini.

Nchini Tanzania kulima bangi ni kosa, na limekuwa kosa tangu zamani. Sheria inayotumika leo ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1995, ikakazwa zaidi mwaka 2017. Mwaka huo huo wa 2017 ndipo ilipoanza kazi Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ile tunayoisikia ikifyeka na kuchoma mashamba huko Arumeru, Tarime na Morogoro. Adhabu ya kulima yaweza kufikia kifungo cha miaka 30. Miaka thelathini! Mama anayeingia akiwa na miaka 40 anatoka bibi wa miaka 70.

Wengi wetu tunadhani adhabu hiyo ni ya wenye ekari nyingi kule milimani. Lakini sheria inakataza kulima mmea wenyewe. Haikusema shina moja ni halali na la kumi ndilo kosa. Na tena, akina mama, someni hapa kwa makini: anayebanwa si yule aliyepanda peke yake. Mwenye ardhi, au anayeikalia, au anayeisimamia, akiruhusu itumike kwa kilimo hicho, naye anatenda kosa.

Neno lenyewe ni kuruhusu. Siku wifi yangu alipokuwa hajui, hakuwa ameruhusu kitu. Lakini baada ya asubuhi ile ya majani ya maboga alikuwa anajua. Kila siku aliyokaa kimya akipita njia ile ya bafu, ukimya wake ulianza kufanana na ruhusa. Mume alikuwa safarini, kwa hiyo msimamizi wa kiwanja alikuwa yeye.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua mpaka nilipomwuliza msaidizi wa kisheria. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kifungo cha jela. Kesi yake husikilizwa katika mahakama ya watoto, na anaweza kuwekwa chini ya uangalizi au kupelekwa shule ya maadilisho kama ile ya Irambo, Mbeya. Mtu mzima hana kinga hiyo. Kwa hiyo katika nyumba ile, aliyepanda alikuwa salama na jela kuliko mama yake aliyekwenda kuchuma mboga.

Nilipomweleza wifi jambo hilo alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Hivi yeye anajua?" Hakujua. Alipoambiwa, anasema wifi, ndiyo mara ya kwanza mtoto alilia.

SHINA LA KUKU

Katika siku zile mama yetu mzazi, yaani mama mkwe wa wifi, alikuwepo pale nyumbani. Alipoona watu wananong'ona aliuliza kuna nini, na alipoambiwa hakushtuka hata kidogo. Alisema zamani wazee walivuta kwenye kiko jioni na hakuna aliyewafunga, na kwamba yeye mwenyewe katika ujana wake aliona wanawake wakiwa na shina moja nyuma ya banda kwa ajili ya kuku. Kuku wakianza kusinzia na kuharisha kijani, majani yalifikichwa kwenye maji ya kunywa.

Nalitaja hili kwa sababu si la mama yangu peke yake. Bado wapo wanawake, tena wa heshima zao, wasiovuta hata sigara, wenye shina moja "la kuku". Hawajioni kuwa wakulima wa bangi. Lakini polisi akifika atakuta mmea ule ule.

Na dawa yenyewe si dawa. Ugonjwa huo wa kuku, kideri au mdondo kama wengine wanavyouita, unaletwa na virusi na ukishaingia bandani hauna tiba. Unazuiwa kwa chanjo. Ipo ya matone ya jicho inayotengenezwa hapa hapa nchini, tone moja kwa kila kuku, kurudia kila baada ya miezi mitatu, na akina mama wakichanga kichupa kimoja wanamaliza kuku wa majirani wote siku moja. Mama yangu aliposikia alisema, "Kumbe ni rahisi hivyo," akaendelea kumenya viazi.

ALIVYOFANYA

Ushauri aliopata wifi yangu ulikuwa mwingi. Jirani mmoja alimwambia ang'oe usiku na kutupa chooni, asiseme lolote. Kaka yangu, alipoambiwa hatimaye, alifoka kwenye simu kwamba mtoto afukuzwe aende huko huko kwa bodaboda zake. Mimi, niseme ukweli, nilimshauri kama jirani: ng'oa, choma, nyamaza. Nilimwogopea.

Hakunisikiliza. Siku ya nne alimchukua kijana, wakaenda pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa, akamwambia, "Mtoto wangu amepanda bangi nyumbani kwangu, nimeiona, na siitaki." Mwenyekiti akamwita askari kata. Waliyahesabu mashina, wakang'oa, wakachukua. Wifi na mwanawe walikwenda kituoni kuandika maelezo, wakashinda huko mpaka jioni wakiwa hawajala. Kijana alihojiwa mama akiwa ameketi pembeni yake. Waliruhusiwa kurudi na kuambiwa wataitwa wakihitajika. Nilipokuwa naandika habari hii walikuwa hawajaitwa.

Siwezi kumwahidi mama yeyote kwamba na kwake itakwisha hivyo. Ninachoweza kusema ni kwamba siku ile jina lake liliandikwa kama mtu aliyekuja mwenyewe kutoa taarifa. Kama jirani angemtangulia, lingeandikwa kwa namna nyingine.

Kaka yangu aliporudi walikaa wiki nzima hawasemezani vizuri. "Umempeleka mwanangu polisi kwa mkono wako," alimwambia. Naye akamjibu, "Nimekwenda naye. Sikumpeleka." Mpaka leo kaka yangu hajakubali kwa mdomo kwamba mkewe alifanya vema. Ila lori likiwa nyumbani, sasa yeye ndiye anayekwenda shuleni kuuliza maendeleo ya mtoto, jambo ambalo hakulifanya tangu kijana aanze darasa la kwanza.

KICHWA CHA KIJANA

Baada ya polisi wifi alifanya jambo la pili, ambalo akina mama wengi hulisahau kwa kuwa wamechoka au wanaona aibu. Alimpeleka kijana hospitalini, kitengo cha afya ya akili. Kijana alikataa mwanzoni. "Mimi si kichaa." Muuguzi aliyewapokea alimwambia hakuna aliyesema hivyo, anataka tu wazungumze.

Bangi haimfanyi kila avutaye kuwa mwendawazimu, na tukiwaambia watoto hivyo watatucheka kwa sababu wanawajua wavutaji wazima wa akili. Tatizo ni umri. Ubongo wa binadamu unaendelea kujengeka mpaka kwenye miaka 25 hivi, na anayeanza akiwa mtoto hujiweka katika hatari kubwa kuliko anayeanza akiwa mtu mzima. Katika wote wanaotumia, hukadiriwa kama mmoja kati ya kumi hushindwa kuacha. Kwa walioanza ujanani, ni kama mmoja kati ya sita. Huko Sweden wataalamu waliwafuatilia kwa miaka 15 vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970. Matokeo yalitolewa mwaka 1987: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 kufikia umri wa miaka 18 waliugua ule ugonjwa mkubwa wa akili wa kusikia sauti na kuona yasiyokuwepo mara sita zaidi ya wasiovuta. Bado walio wengi hawakuugua. Lakini mama hawezi kujua mapema kama wa kwake yumo katika wengi au katika wachache, hasa kama katika ukoo ameshakuwepo mgonjwa wa akili. Muuguzi alimwuliza wifi swali hilo la ukoo kabla ya maswali mengine yote.

Dalili alizomwambia azitazame ni za kawaida kabisa: macho mekundu, kicheko kisicho na sababu, njaa kali ghafla, usingizi uliogeuka, fedha ndogo ndogo kupotea, kuacha marafiki wa zamani, alama za shule kushuka. Moja peke yake haisemi kitu. Vijana ndivyo walivyo. Zikiungana, zungumza naye. Lakini kijana akianza kusema watu wanamfuata, au anajibizana na asiyeonekana, usingoje na usimfunge kamba kwa kudhani amerogwa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kila hospitali ya mkoa inapokea wagonjwa hao, na walio na hali nzito hupelekwa Mirembe, Dodoma.

Kwa mama mwenye ujauzito niongeze neno moja, kwa kuwa nimesikia wanaodanganywa kwamba inaondoa kichefuchefu. Moshi ule humfikia mtoto tumboni, na huweza kumfanya azaliwe na uzito mdogo.

Anayetaka kutoa taarifa au kuuliza, Mamlaka ina simu ya bure, namba 119. Kwa jambo lolote linalomhusu mtoto iko namba 116, bure pia.

NYUMA YA BAFU SASA

Nilipofika Mshangano mwezi Agosti mahindi yalikuwa yameshavunwa na kiwanja kiko wazi. Unaona mpaka barabarani. Nyuma ya bafu nilikuta matuta mawili ya nyanya yaliyoegemezwa kwenye miti. Kijana alikuwa amechuchumaa anaondoa vichipukizi vya pembeni kwa kidole, kimoja kimoja, haraka na bila kukosea. Alinisalimu, "Shikamoo shangazi," akaendelea.

Hospitali amekwenda mara nne. Kuna mwezi alirudi nyuma. Wifi alijua kwa harufu ya shati, wakaanza tena kuzungumza usiku kucha. Simu bado hana, ila nyanya za kwanza zimeuzwa na fedha anaitunza bibi yake kwenye kopo. Mwezi wa tisa ataomba ruhusa aende Mbinga siku chache, babu amempigia baba yake kusema kahawa imeshavunwa na inangoja kupogolewa, na yeye mgongo hauko sawa.

Wifi yangu bado anakwenda nyuma ya bafu kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Nilimwuliza kama mtoto haoni vibaya kuchunguzwa namna hiyo. Alisema kijana alishamwuliza hilo, naye akamjibu kwamba anakwenda kuchuma majani ya maboga.

"Agosti?" nikamwuliza.

Akacheka. "Ndivyo na yeye alivyoniambia."